Mtulivu wa Taifa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Sheria inasema kila anayelisikia au kulisoma sharti asimame wima mpaka habari iishe, na hii habari yangu ina urefu kidogo, nawe huenda umeshakaa vizuri. Kaa tu. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye mito miwili, rais mmoja na wizara sitini na moja, na kila jambo ndani yake huenda kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe unaitwa Kanuni ya Nusu, nao ndio ulionilisha kwa miaka kumi na tisa. Mkubwa ana kazi nyingi kuliko mdogo, kwa hiyo muda wake wa kusoma ni mchache, kwa hiyo karatasi ikipanda ngazi moja lazima ipungue nusu. Ripoti ikiandikwa kurasa mia moja ishirini na nane kule chini, afisa wa kwanza anaifanya sitini na nne, wa juu yake thelathini na mbili, hivyo hivyo mpaka inafika ghorofa ya nane ikiwa ukurasa mmoja. Ghorofa ya nane ndiko nilikokuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuugeuza ule ukurasa kuwa mstari, kwa sababu Rais wetu hasomi zaidi ya mstari, na herufi sharti ziwe kubwa kama kidole gumba, maana Rais havai miwani. Na mstari usizidi urefu wa rula. Rula yenyewe nilikabidhiwa siku niliyoapishwa, ya mbao, yenye nembo ya taifa mgongoni.

Cheo changu kilikuwa Mfupishaji Mkuu, jina langu Kombo. Usinicheke, kazi ile haikuwa ya kila mtu. Mwaka wa ukame, mikoa mitatu iliandika kurasa mia tano za kulia njaa, nami nikazifikisha kwa Rais zikisema: "Jua linatosha mikoani." Rais alifurahi sana, nikapewa saa ya ukutani.

* * *

Nyumbani nilikaa na dada yangu Mwatumu. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na saba, akaacha shule akanunua cherehani kuukuu ili mimi nisiache. Alishona sare za shule, kaptula na sketi za buluu, na mpaka leo nikiona mtoto amevaa sare iliyomkaa vizuri begani najua mkono uliopita pale.

Tangu akiwa na miaka ishirini na mbili, dada alikuwa anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Walimtukana, walimwamuru, walimwambia chakula chake kina sumu. Kilichomwokoa ni vidonge viwili vidogo vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni, alivyovichukua kila mwezi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Akivimeza, zile sauti zilishuka zikawa redio ya jirani. "Najua imewashwa," alikuwa akisema, "lakini wanachosema sikisikii."

Halafu akaja Dakta Nyamvula. Huyu alikuwa mtafiti wa ubongo, mwanamke mwembamba mwenye tabia ya kusema "bado hatujui" mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye shahada tatu. Alikuja hospitali kutafiti kama kutafakari kwa utulivu kunaweza kuwasaidia wagonjwa wa akili. Alichagua wagonjwa arobaini na sita, dada yangu akiwamo, akawakalisha kwenye mikeka kila asubuhi kwa wiki kumi na mbili. Fuateni pumzi ikiingia, aliwaambia, ifuateni ikitoka. Wazo likija, lioneni, liacheni liende zake, msigombane nalo.

Mimi nilidhani ni mchezo. Lakini wiki ya saba nilimkuta dada barazani akimenya vitunguu huku anaimba, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka.

"Vipi leo, dada?" nikamuuliza.

"Kombo, zile sauti kumbe ni wapita njia tu," akasema. "Mie miaka yote nilikuwa nafungua mlango, nawafuata mpaka barabarani nikigombana nao. Sasa nakaa zangu barazani. Wanapita, nawaona, siwakaribishi."

"Basi vidonge si utaacha?"

Alinitazama kama nimetamka upuuzi. "We! Vidonge ndivyo vilivyonijengea hilo baraza. Baraza lisipokuwepo nitakaa wapi?"

Haya maneno aliniambia mimi, kwa mdomo wake, na kisu cha vitunguu mkononi. Nayasema mapema ili usije ukanionea huruma baadaye.

* * *

Ripoti ya Dakta Nyamvula ilikuwa kurasa mia moja ishirini na nane, ya haki kabisa. Wagonjwa ishirini na mmoja walipata nafuu, kumi na wanane hawakubadilika, na saba walizidiwa, kwa sababu kukaa peke yao na mawazo yao kuliwatisha, wakaondolewa kwenye mkeka haraka. Wote arobaini na sita, iliandikwa, waliendelea kumeza dawa zao muda wote, na mtu yeyote asije akadhani kukaa kunachukua nafasi ya dawa.

Ikaanza kupanda. Ghorofa ya pili waliwaondoa wale saba, kwa kuwa ni wachache. Ghorofa ya tatu waliwaondoa wale kumi na wanane, kwa kuwa jambo lisilobadilika si habari. Ghorofa ya nne waliondoa majedwali, ya tano wakaondoa "bado hatujui" zote, na karatasi zilizobaki zilikuwa safi, zinasomeka bila kukwama. Ilipofika mezani kwangu ilikuwa ukurasa mmoja, na moyo wa ule ukurasa ulikuwa sentensi hii: "Kukaa kimya na kufuata pumzi kunawasaidia baadhi ya wagonjwa, wakiendelea na dawa zao."

Ilikuwa Ijumaa, saa sita kasorobo, na kantini yetu Ijumaa ilikuwa na pilau ambayo ukichelewa unakuta ukoko. Nikachukua rula. Kwanza niliondoa "baadhi ya," kwa sababu Rais akiona neno hilo huuliza baadhi gani, na hakuna mtu ghorofa ya nane aliyewahi kujua. Mstari ukazidi bado. Nikaondoa "na kufuata pumzi," maana kila mtu anapumua, hakuna haja ya kumkumbusha Mheshimiwa. Ukazidi bado, safari hii kwa maneno manne tu ya mwisho. Nikayakata.

"Kukaa kimya kunawasaidia wagonjwa." Nikapima. Ukaenea vizuri kabisa, ukabaki na nafasi ya nukta. Nikapiga muhuri, nikawahi pilau, na nakumbuka ilikuwa na nyama nyingi siku hiyo.

* * *

Rais alipousoma mstari wangu alisema, "Kumbe!"

Katika nchi yetu "Kumbe" ya Rais ni sheria tangu inapotoka kinywani. Kufikia Jumatatu ilikuwa imezaliwa Wizara ya Utulivu, ya sitini na mbili, na Mheshimiwa Tindwa akateuliwa kuiongoza. Mheshimiwa Tindwa alikuwa Waziri wa Barabara kwa miaka kumi na moja na katika muda huo wote hakujenga hata moja, kwa hiyo habari za kukaa kimya alizijua kuliko sisi wote.

"Ndugu wananchi!" alihutubia uwanjani, na ilichukua saa tatu. "Tumeambiwa na sayansi, narudia, sayansi, kwamba ubongo wa binadamu unataka mwenyewe akae! Kwa muda mrefu taifa hili limesimama. Limesimama kwenye foleni, limesimama vituoni, limesimama likidai vitu. Leo nawatangazia rasmi: kaeni!" Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama, kwa kuwa viti havikuwepo.

Kila raia alitakiwa akae kimya dakika ishirini kila siku mbele ya Afisa Utulivu. Kipimo kilikuwa kikombe cha chai. Afisa alikijaza mpaka mdomoni, akakuwekea kichwani, na muda ukiisha anapima kwa kijiko chai iliyomwagika. Isiyomwagika alikunywa mwenyewe. Maafisa wakanenepa. Kuhusu pumzi hakuna aliyeuliza, na wengi kwa kuogopa chai walikuwa hawapumui.

Mwisho wa mwezi nilikwenda hospitali kumchukulia dada vidonge vyake. Pale dirishani alikuwapo Bwana Ngwali, mtu mpole aliyetupa dawa miaka kumi na saba na anayejua jina la kila mgonjwa.

"Za leo, Bwana Ngwali. Nimefuata vidonge vya Mwatumu."

"Salama, Bwana Kombo. Vidonge vimestaafishwa."

"Vimestaafishwa vipi?"

"Barua imekuja. Mgonjwa anasaidiwa na kukaa kimya, sasa dawa za nini? Zimechomwa zote Jumanne. Lakini usirudi mikono mitupu." Akainama, akanyanyua mto mdogo wa kukalia, wa kijani, akaandika juu ya kibandiko kwa mwandiko wake ule ule wa siku zote: mmoja, mara mbili kwa siku, baada ya chakula.

"Na maduka ya mjini?"

"Nayo yana mito." Halafu akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Bwana Kombo, mie barua nimeisoma mara nne nikitafuta neno 'dawa.' Halimo. Hebu na wewe tazama, pengine macho yangu."

Akanionyesha. Juu kabisa ya ile barua, kwa herufi kubwa kama kidole gumba, ulikuwapo mstari wangu.

"Ila mwandiko mzuri," akasema Bwana Ngwali.

Nikauchukua mto nikaondoka. Njia nzima nilikuwa naubeba kifuani na sikujua kama nalia mpaka mama mmoja aliponiambia nijifute kabla Afisa Utulivu hajaniona.

* * *

Usidhani nilinyamaza. Asubuhi yake nilikwenda kwa Mkurugenzi wetu nikamwambia kuna maneno manne yaliachwa nje kwa bahati mbaya, tuyarudishe.

"Rais ameshasoma," akasema.

"Najua, mzee. Lakini alichosoma hakikukamilika."

"Kombo, wewe ni mtu wa ofisi. Rais akishasoma, kimekamilika."

Nikaenda kwenye Dawati la Malalamiko la Wizara ya Utulivu. Pale mlalamikaji anajieleza akiwa na chai kichwani. Ikimwagika, lalamiko linafutwa, kwa kuwa limeletwa na mtu asiyetulia. Isipomwagika, linafutwa pia, kwa kuwa mtu aliyetulia namna hiyo ana shida gani? Yangu ilimwagika vijiko sita, ikaniunguza sikio.

Dakta Nyamvula naye alifunga safari mpaka wizarani, nami nilikuwapo kuandika kumbukumbu. Alikuwa ameshika ripoti yake yote mikononi, akizifunua kurasa harakaharaka.

"Mheshimiwa, utafiti ulikuwa wa watu arobaini na sita tu," akasema. "Na wote walikuwa kwenye dawa. Kutafakari kunasaidia, nami nimejitolea maisha yangu kwa kazi hiyo. Lakini ni msaada wa kuongezea. Mtu anayesikia sauti ukimnyang'anya dawa ukamwambia akae, umemfungia chumba kimoja na wanaomtukana. Nakuomba, Mheshimiwa. Watakufa watu."

Mheshimiwa Tindwa alimsikiliza kwa upole mkubwa, kisha akatugeukia sisi. "Mnamwona Daktari anavyohangaika? Nauliza tu. Mtu anayehangaika hivi anaweza kutufundisha utulivu?"

Wiki ile ile akahamishiwa kituo cha mifugo, kilomita mia mbili, akapime utulivu wa ng'ombe.

* * *

Wiki tatu za mwanzo dada alijitahidi. Alikaa juu ya ule mto wa kijani, akafuata pumzi, na jasho likimtoka usoni kama aliyebeba gunia. "Wamerudi, Kombo," aliniambia siku moja. "Ni wengi, na baraza limebomoka. Wako ndani."

Wiki ya nne alianza kuwajibu. Wiki ya tano alishona shati la sare lenye mikono mitatu, akalinyoosha kwa pasi na kulikunja vizuri na mengine, na mwenye mtoto akaja kulirudisha akiwa ameinamisha macho. Nililihifadhi lile shati.

Wiki ya sita, Jumatano asubuhi, nilimkuta ameketi kwenye kigoda, sindano mkononi imetungwa uzi, anatazama ukuta. Nikamwita, hakuitika. Nikamshika mkono, ukabaki pale nilipouacha hewani. Nilimlisha uji kwa kijiko kama yeye alivyowahi kunilisha mimi nikiwa na surua. Alikuwa hai, macho yake yako wazi, na hakuwapo.

Afisa Utulivu wa mtaa alikuja saa nne na birika lake. Akamwekea kikombe. Dakika ishirini zikapita, halafu arobaini. Akaita mwenzake. Ilipofika adhuhuri walikuwa maafisa tisa sebuleni kwangu, wamevua kofia.

"Hajamwaga hata tone," mmoja akanong'ona. "Huyu ni dada yako, bwana? Hongera sana."

"Ni mgonjwa," nikasema. "Anahitaji dawa. Haongei tangu jana."

"Tangu jana!" wakatazamana kwa furaha.

Wakamchukua Ijumaa, kwa gari lenye bendera. Katika Ukumbi wa Utulivu walimkalisha jukwaani juu ya mto wa dhahabu, kikombe kichwani, na mbele yake kibao: MTULIVU WA TAIFA. Watoto wa shule waliletwa kwa mistari wamtazame. Wengi wao walikuwa wamevaa sare alizozishona. Mheshimiwa Tindwa alipita kila asubuhi kupiga naye picha, na alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba hapo awali huyu mama alikuwa kichaa wa kumeza vidonge, mtazameni sasa.

Mimi, kwa kuwa ni ndugu, niliruhusiwa kumlisha mara mbili kwa siku. Aliendelea kukonda. Mfupa wa bega ulianza kuonekana kupitia gauni la sherehe walilomvisha, na usingizi wangu wote ukaisha kwa kuhesabu vijiko alivyomeza.

* * *

Nilikwenda kituo cha mifugo nikiwa nimeomba ruhusa ya msiba. Haikuwa uongo mkubwa. Dakta Nyamvula nilimkuta zizini, fimbo mkononi, kikombe cha chai juu ya kichwa cha ng'ombe mwekundu asiyetaka.

Nilimweleza yote, hata habari ya rula. Nilidhani atanipiga ile fimbo. Alikaa chini kwenye nyasi, akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu akiifanya ile kazi yenyewe, bila chai.

"Nina vidonge ishirini na vinane," akasema mwishowe. "Vilibaki katika droo yangu ya utafiti. Ni vya wiki mbili. Vinaweza kumrudisha, vinaweza visimrudishe, bado hatujui."

"Na baada ya wiki mbili?"

"Kombo, usiniulize hilo."

Nikawa namsagia dada kidonge kwenye uji, asubuhi na jioni, jukwaani mbele ya kila mtu, na hakuna aliyetazama bakuli, wote walikuwa wanatazama kikombe. Siku ya tatu alikunja kidole. Siku ya tano macho yake yalinifuata. Siku ya sita ilikuwa Jumamosi, ukumbi umejaa mabalozi, Mheshimiwa Tindwa ameanza saa ya pili ya hotuba. "Kimya hiki mnachokiona," anasema, "hakijawahi kufikiwa na binadamu yeyote!"

"Nani kaniwekea chai kichwani?" akauliza dada yangu.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyeamka. Akainua mkono, akakishusha kikombe, akaonja. "Tena imepoa," akasema. Halafu akaniona. "Kombo! Mbona umekonda hivyo? Hebu nitoe hapa, huu mto unaniumiza."

Mabalozi walicheka wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mheshimiwa Tindwa alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka, na nadhani zile ndizo dakika pekee za utulivu wake katika utumishi wote. Kisha kikatangazwa kipengele cha sheria kinachohusu kelele mahali pa umma. Dada akavuliwa cheo, gauni na mto, tukafukuzwa kwa mlango wa nyuma. Nilimshika mkono nikamtembeza mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa ananiuliza habari za majirani. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ilikuwa inaniuma, maana mfukoni nilikuwa na vidonge kumi na sita, na kuhesabu najua.

* * *

Tulikuwa na siku nane. Ya kwanza alilala. Ya pili aliitia mafuta cherehani, akalikuta lile shati la mikono mitatu kabatini.

"Hili nimeshona mimi?"

"Ndiyo, dada."

Alilipapasa mshono. "Mkono wa tatu umekaa vizuri kuliko hii miwili," akasema, tukacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Kwa nini nilikosa vidonge, Kombo?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya sentensi, ya Ijumaa, ya pilau, na sikuficha kwamba alikuwa ameshaniambia habari za baraza na bado nikakata. Nilimwekea ile rula mapajani.

Alifumba macho, nikaona kifua chake kinapanda na kushuka, polepole, na nikajua ananiona mimi nikipita pale barabarani na anaamua kama atanikaribisha.

"Ulikata nini hasa?" akauliza. "Yaseme."

"Wakiendelea na dawa zao."

Akahesabu kwa vidole. "Maneno manne." Akaitazama rula, akaigeuza, akaiona ile nembo. "Mie nilikulea kwa miaka, mdogo wangu, nikakusomesha uandike. Sikukusomesha ukate."

Nililia nikiwa nimepiga magoti, nikiwa na miaka arobaini na minne. Aliniwekea mkono kichwani, na hakuniambia nimesamehewa. Aliniambia nikamletee kitambaa cha buluu.

Zile siku zilizobaki alishona tangu alfajiri mpaka jioni. Alimaliza sare zote za watu zilizokuwa zinadaiwa, akamfundisha msichana mmoja wa jirani kuweka kola, akaandika vipimo vya wateja wake kwenye daftari. Asubuhi alikaa barazani robo saa na pumzi yake. Mimi nilizunguka maduka yote ya dawa ya mji na ya miji mitatu ya jirani, na nikarudi na mito. Siku ya nane, baada ya kidonge cha mwisho, aliniita.

"Kombo."

"Naam, dada."

"Nikinyamaza tena watakuja na birika lao. Nilishe, nioshe, mlango ufunge wakija. Lakini jambo moja nataka uniahidi, wewe mtu wa kuandika. Wasiandike nimetulia. Mie utulivu nimeujua, nimeukalia kwa wiki kumi na mbili, ulikuwa mtamu. Kule nilikokuwa si utulivu. Kule napiga kelele usiku na mchana, ila mdomo ndio haufunguki. Usikubali waandike nimetulia."

"Nakuahidi."

"Tena uandike yote. Usikate."

Rula nimeivunja vipande viwili nikakoka nayo moto wa uji. Barua ya kuacha kazi nimeipeleka mwenyewe, ukurasa mmoja, na nasikia imefika juu ikiwa inasema tu "Nashukuru."

Haya mengine nimeyaandika kwa mkono, nakala nyingi kadiri nilivyoweza, nyingine nimempa Bwana Ngwali, ambaye anafunga moja ndani ya kila mto anaoutoa dirishani. Ikikufikia wewe, na juu yako kuna mkubwa unayetakiwa kumpelekea nusu, kata popote upendapo. Ondoa saa yangu ya ukutani, ondoa pilau, niondoe mimi mwenyewe. Mistari miwili tu nakuomba uiache.

Mgonjwa huyu anaitwa Mwatumu, na alitakiwa apewe vidonge viwili, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Leo ni siku ya kumi na moja yuko kwenye kigoda na sindano mkononi, na dada yangu hajatulia.